Kikombe cha Samunge: tulipata mahujaji kwa maelfu, utalii ukatupita

Siku hizi kila kikao cha utalii hapa Arusha lazima asimame mtu aseme tuanzishe utalii wa imani, kwamba tuna misheni za zamani, tuna misikiti, tuna mlima ambao Wamaasai wanausalia, mgeni akishaona simba na tembo tumpe na hiki kingine. Mimi hoja hii naiunga mkono kwa moyo wote, nafanya kazi ya kupeleka wageni na najua msimu ukiisha vijana wanavyokaa miezi bila kazi. Ila kinachonisumbua ni kwamba tunaongea kana kwamba jambo lenyewe halijawahi kutokea kwetu, wakati mkoa huu huu mwaka 2011 ulipata safari ya kiimani ambayo Afrika Mashariki nzima iliisikia. Kikombe cha Babu. Waandishi waliandika, madaktari wakaandika, viongozi wa dini wakabishana wiki hadi wiki, lakini sisi watu wa utalii sijaona tukikaa chini tukajiuliza kwanini safari kubwa namna ile ilizimika bila kuacha kitu ambacho kijiji kinakula mpaka leo.

Basi nakichambua hapa. Na naomba tusianze na ubishi wa kama dawa iliponya au haikuponya, tutafika huko.

Ilivyokuwa

Kwa wale waliokuwa wadogo: Mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa anaishi Samunge, tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro. Jina la Babu wa Loliondo ndo lilishika, ila kijiji ni Samunge. Alisema Mungu alimwonyesha kwenye ndoto mti wa mugariga, achemshe mizizi yake awape watu, kikombe kimoja shilingi 500. Alianza taratibu 2010, jirani anamwambia jirani, kufika Machi 2011 mambo yakalipuka. Ukimwi, kisukari, kansa, presha, pumu, kifafa, kila mwenye mgonjwa nyumbani akaanza kutafuta gari. Watu walitoka Kenya, walitoka Uganda, wenye uwezo walishuka na helikopta, na viongozi wakubwa wa serikali walipigwa picha wakinywa.

Sasa kuna sharti moja ambalo kwa mtu wa utalii ndo kiini cha kisa chote. Dawa haibebwi. Unakunywa pale pale Samunge, kikombe kimoja tu, kwa mkono wa Babu au wa wasaidizi wake chini ya maombi yake. Mizizi ile ile ukiichemsha nyumbani kwako Sakina au Majengo hapa Arusha haina kitu, ndivyo alivyosema. Mugariga wenyewe siyo mti wa ajabu, Wamaasai wanaujua vizuri wanauita olamuriaki na wanautia kwenye supu miaka yote. Kwahiyo watu hawakufuata mti. Walifuata mahali, na mtu, na tendo. Ingekuwa dawa inabebwa kwenye chupa, wiki inayofuata ingekuwa inauzwa soko la Kilombero hapa mjini na Samunge isingeona mgeni. Hilo sharti ndo liligeuza kijiji kikawa hija, na sehemu zote za hija duniani zinasimama juu ya sharti la namna hiyo, kwamba lazima uende mwenyewe.

Na kwenda kwenyewe sio mchezo. Kutoka Arusha unapita Mto wa Mbu, unaacha lami, Engaruka, unashuka bonde la ufa mpaka Engaresero chini ya Oldonyo Lengai, alafu unapanda ukuta wa bonde kwenda Sale. Zaidi ya kilomita 300, na wakati ule karibu yote kuanzia Mto wa Mbu ni vumbi, mawe na korongo. Wengine walizungukia Ngorongoro na Serengeti, wa kanda ya ziwa wakaja na njia yao. Machi ni mwanzo wa masika. Makorongo yanajaa, gari ndogo inanasa.

Hapa ndo Arusha ilipoingia. Mwezi wa tatu mpaka wa tano ni miezi mibaya ya safari, Land Cruiser zimepaki yadi, madereva wapo nyumbani. Ghafla kuna wateja maelfu wanaotaka gari la four wheel kwenda barabara mbovu kuliko zote za mkoa. Magari yaliyotengenezwa kufungua paa mgeni apige picha ya chui yakaanza kubeba wagonjwa. Nauli ikapanda ikafika laki moja na zaidi kwa kichwa, Noah na Coaster nazo zikaenda hata pale zisipotakiwa kwenda, Fuso zikabeba watu.

Foleni magazeti yaliandika imefika kilomita 26. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasije mpaka baada ya tarehe 1 Aprili, sababu waliokuwepo tu walikuwa wanakadiriwa 24,000 na akasema wapungue kwanza. Watu zaidi ya 50 waliripotiwa kufa wakisubiri. Wengi wao walikuwa wagonjwa mahututi waliotolewa wodini na ndugu zao, wakalala kwenye gari siku kadhaa bila choo, bila maji ya uhakika, bila nesi.

Nataka niieleze ile dakika ya kunywa maana ndo bidhaa yenyewe, kama tukiongea lugha ya biashara. Mwanzoni watu walikuwa wanashuka na kupanga mstari, baadaye walivyozidi wasaidizi wakawa wanapita na vikombe vya plastiki gari kwa gari. Mgonjwa amelazwa siti ya nyuma amefunikwa kitenge, mwanae anamwinua kichwa, kikombe kinaingia dirishani, dawa bado ina uvuguvugu wa sufuria, anakunywa, kikombe kinarudi, dereva anaambiwa songa mbele geuza. Imeisha. Siku mbili tatu njiani, na muda ambao mtu alitumia Samunge kama Samunge, yaani kijiji chenye watu na jina na historia, haufiki hata nusu saa.

Hela ilienda wapi

Piga hesabu ya haraka tu. Chukua wale watu 24,000, kila mmoja kikombe cha 500, unapata milioni 12. Wachukue hao hao, sema kila mmoja alilipa nauli ya laki moja, najua wengine walilipa pungufu na wengine walilipa zaidi sana, unapata bilioni 2 na milioni 400. Yaani kwenye kila shilingi 200 za nauli iliyolipwa, shilingi moja tu ndo iliingia kwenye kikombe. Na hiyo shilingi moja nayo ilitakiwa ilipe kuni, wachimba mizizi, wabeba maji na wasaidizi.

Sisemi hivi kumlaumu dereva. Dereva alikuwa na gari na barabara ilikuwa inavunja springi kila safari. Nasema hivi sababu ndo ugonjwa ule ule tulionao kwenye safari za mbuga, hela inakaa mjini kwenye gari, ofisi na hoteli, kule mgeni anakoenda inafika chenji. Samunge iliuonyesha wazi zaidi kwa sababu pale hapakuwa hata na hoteli wala geti la kuuficha.

Ni kweli kulikuwa na waliopata kijijini. Mama aliyeuza chai na maandazi alipata, aliyeuza maji ya chupa kwa bei ya mara mbili tatu alipata, kijana wa bodaboda alipata. Lakini wauzaji wengi walikuja na foleni kutoka nje na waliondoka na foleni. Hela ya namna hiyo haijengi, mtu akishaijua njia ya kuifuata anaifuata hata ikihamia kwingine, na ilihama kweli, maana mwaka ule ule wakazuka watu wa vikombe mikoa mingine na misafara ikaanza kuelekea huko.

Alafu kuna gharama ambazo hakuna aliyezilipa. Mugariga unachimbwa mizizi, hauchumi majani ukaliacha shina. Ukitaka kuchemshia watu maelfu kwa siku unachimba vichaka vya karibu, vikiisha unaenda mbali, na kuni hivyo hivyo. Vyoo vya watu 24,000 kwenye kijiji kile ni kichaka. Chupa za plastiki, mifuko, diapa za wagonjwa, zote zilibaki pembeni mwa barabara ambayo ng'ombe na mbuzi wanachunga. Ukisikia neno endelevu kwenye makaratasi ya mradi linaonekana la kisomi sana, pale maana yake ilikuwa ni nani atachimba choo.

Tulichopita bila kukiona

Hii sehemu ndo inaniuma zaidi, na ndo sababu hasa ya kuandika.

Samunge ni kijiji cha Wabatemi, wengi tunawajua kama Wasonjo. Ni wakulima, wamezungukwa na Wamaasai pande zote, na kwa vizazi wamekuwa wakilima kwa mifereji, maji yanatolewa kwenye chemchemi na vijito yanaelekezwa shambani kwa zamu. Zamu hiyo haipangwi na afisa wa wilaya. Inapangwa na wazee wa maji ambao wanawaita wenamiji, nafasi yao ni ya kurithi, na kazi yao haijawahi kuwa ya maji peke yake, ni ya maji na ibada kwa pamoja. Chemchemi zina misitu yake ambayo mtu haruhusiwi kukata mti. Mfereji ukikauka siyo tatizo la uhandisi tu, kuna jambo halijakaa sawa kati ya watu na Mungu wao.

Na Mungu wao ana historia ambayo mtu yeyote aliyepanda lile gari mwaka 2011 angeshangaa kuisikia. Kwenye imani ya Wabatemi yupo Khambageu. Simulizi zinasema aliishi na watu katika vijiji vile, alifanya miujiza, aliponya wagonjwa, akafa akazikwa, na kaburi lake lilipofunuliwa likakutwa halina mwili. Ana nyumba zake za ibada, na kuna sikukuu ya Mbarimbari ambayo inazunguka vijiji. Watu wengi huko sasa ni Wakristo, na mila hizi zimeendelea kuishi pembeni ya kanisa.

Hebu weka hayo pamoja. Bonde ambalo tayari lina kumbukumbu ya mponyaji mtakatifu, watu wake wanajua dawa za miti kiasi kwamba watafiti walishawaandika miaka ya 1990, linapata mponyaji mwingine mchungaji wa Kilutheri, na maelfu ya watu wanamiminika, na karibu wote wanageuza gari bila hata kujua wapo kwa Wabatemi! Hakuna aliyewaambia. Sisi tuliowapeleka tulikuwa hatujui, au tulijua na hatukuona ina kazi gani. Tuliwapitisha chini ya Oldonyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita mlima wa Mungu na wanawake wanaenda kuomba watoto, mlima uliolipuka 2007 mpaka 2008 na lava yake haina mfano duniani, tukawaambia huo ni mlima tu tusichelewe foleni.

Sasa kuna atakayesema mgonjwa wa kansa hataki hadithi za mifereji. Kweli kabisa, hataki na asisumbuliwe. Ila kila mgonjwa alikuja na ndugu wawili watatu wazima, na madereva, na waandishi wa habari wa nchi nyingi, na wengi walikaa kwenye foleni siku nzima hawana la kufanya. Kama kijiji kingekuwa na vijana wake wameandaliwa, na wazee wameamua wenyewe kipi kinaonyeshwa na kipi hakionyeshwi, leo tungekuwa na watu wanaorudi Samunge kwa sababu nyingine.

Kwanini ilizimika

Mwaka uliofuata msururu ulikuwa umekwisha, wakawa wanaenda wachache wachache. Babu alifariki tarehe 30 Julai 2021 akiwa na miaka 86 na magazeti yakaikumbuka habari kwa siku chache.

Sababu ya kwanza kila mtu anaijua, ahadi ya kupona. Wataalamu wa serikali waliipima dawa mapema wakasema kwa kiasi kile cha kikombe haina madhara, na watu wengi wakasikia kwamba serikali imesema inaponya, ambavyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuna waliokunywa wakaacha ARV. Kuna wa kisukari walioacha sindano. Waliporudi hospitali wakiwa wamezidiwa, habari nazo zilisambaa kama zilivyosambaa za mwanzo. Msimamo wangu ni kwamba mtu wa utalii haruhusiwi kuuza kupona. Peleka watu kusali, peleka watu kushukuru, peleka watu kuona wengine wanavyosali, lakini siku ukiandika kwenye kipeperushi chako kwamba huko wanapona umebeba dhamana ya mtu atakayeacha dawa zake nyumbani. Hapo hata kama imani yako wewe ni kubwa kiasi gani.

Sababu ya pili inazungumzwa kidogo. Kila kitu kilisimama juu ya mtu mmoja. Mzee wa miaka zaidi ya 70, anatakiwa awepo kila siku, aombee kila sufuria. Akiugua hija imesimama. Hakukuwa na siku maalum ya mwaka, hakukuwa na kamati, hakukuwa na sehemu ya kumwachia mwingine, kwa sababu karama ilikuwa yake.

Linganisha na Namugongo, Uganda. Mashahidi wa pale, Wakristo Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886, Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu 1964 na mwaka 1969 akafika Uganda. Kila tarehe 3 Juni watu wanajaa pale kwa wingi wa kutisha, wengine wametembea kwa miguu wiki kadhaa, na kutoka Tanzania wanaenda kila mwaka. Kwanini haizimiki? Tarehe inajulikana hivyo polisi, hospitali, mabasi na wauza chakula wanajipanga mwaka mzima. Majimbo ya Kanisa Uganda yanapokezana kuongoza ibada, mwaka huu jimbo hili mwakani lile, kwahiyo kazi na heshima havikai kwa mtu mmoja. Waanglikana nao wana eneo lao pale pale maana mashahidi walikuwa wa makanisa yote mawili. Na hakuna anayeahidiwa kupona, mtu anaenda kuomba na kukumbuka, akipona ni kati yake na Mungu.

Kujipanga huko ni suala la uhai. Moshi tarehe 1 Februari 2020 pale uwanja wa Majengo walikufa watu 20 wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Watu wa imani ile ile, nia njema ile ile, mlango mdogo. Tumeshalipia somo hili zaidi ya mara moja katika mikoa hii miwili.

Na siyo lazima iwe kubwa. Hapo Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi waliokimbia vita ya pili ya dunia, kambi yao ilianza 1942 na ilikuwa na watu karibu 5,000. Makaburi ni zaidi ya 140, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi wamelala ndani ya ukuta mmoja. Kuna geti, kuna mtu wa kutunza, mgeni anaandika jina kwenye daftari, na wajukuu wa waliolelewa Tengeru wanakuja toka Poland na Uingereza mwaka baada ya mwaka kutafuta kaburi la bibi. Magazeti hayaandiki habari zake. Lakini inaendelea, na ninapompeleka mgeni pale anakaa saa nzima kimya anasoma majina, alafu jioni anakula Tengeru na kulala Tengeru.

Sasa ifanyike nini

Kuna watu wanasema nyumba ya Babu igeuzwe makumbusho. Sipingi. Sufuria zile, vikombe, picha za foleni, na ushuhuda wa pande zote, waliosema walipona na familia zilizopoteza mtu njiani, hivyo vyote ni historia ya nchi na vikipotea vimepotea. Ila ikiwa ndo kitu pekee tunachojenga Samunge tutakuwa tumerudia kosa la 2011 kwa saruji, kijiji kizima kinabebwa na mtu mmoja ambaye sasa hata hayupo.

Barabara imebadilika. Kipande cha Waso mpaka Sale, kilomita 49, kimewekwa lami, kwahiyo upande ule haufikiki kwa shida kama zamani. Hii ni nafasi na ni hatari kwa pamoja, maana barabara nzuri inaleta mgeni na pia inamrudisha mgeni Arusha jioni hiyo hiyo kama hakuna sababu ya kulala.

Mimi ningeanza na maji. Mgeni atembee na mfereji kuanzia shambani kwenda juu, aongozwe na kijana wa hapo, aone geti la udongo linavyofunguliwa na kufungwa kwa zamu, ale asali maana Wabatemi ni wafugaji nyuki wazuri sana, na afikie mwisho pale wazee watakaposema hapa basi. Hicho kipande cha kusimama ni muhimu kuliko vyote. Msitu wa chemchemi uwe unaonekana kwa mbali na hauingiliki, na mwongozaji aseme kwanini. Nimeona wageni wanavyoheshimu mlango uliofungwa kwa sababu ya kweli, ni zaidi ya wanavyofurahia uliofunguliwa kwa sababu ya hela. Ngoma ya sikukuu isichezwe Jumanne mchana kwa ajili ya watu sita waliotoka Serengeti. Mbarimbari iwe siku yake, mgeni akibahatika kuwepo na wenyewe wakimkaribisha sawa, asipobahatika akale ugali wa mtama arudi zake.

Kwenye hela mfano tunao. Tangu 1995 bodi ya utalii pamoja na SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, walipoanzisha utalii wa kitamaduni huku kwetu, vijiji kama Ng'iresi na Longido vilipangiwa kwamba sehemu ya anacholipa mgeni inaenda kwenye kazi ya kijiji, darasa, josho, bomba. Siyo kila mahali imeenda vizuri na panapovuja kila mtu wa pale anajua panapovuja, ila utaratibu upo na unaeleweka. Samunge ungewekwa hivyo na hesabu ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji kila mwezi, mtoto wa darasa la saba aisome. Na idadi iwe na kikomo. Kama wenamiji wakisema watu kumi kwa siku ni kumi, hata kama kuna kampuni imeleta ishirini na sita na imeshalipwa.

Kanisa nalo lisiachwe nje. Babu alikuwa mchungaji wao, na waumini wa Samunge hawatapenda kuona mila za Khambageu zinatangazwa kana kwamba wao hawapo au wamekosea kubatizwa. Hilo ni gumu na sina haraka nalo, likae mezani muda wowote litakaohitaji, mchungaji wa sasa na wazee wa mila wakubaliane maneno yatakayosemwa kwa mgeni kabla mgeni wa kwanza hajapanda gari. Wakishindwa kukubaliana mradi usubiri.

Na huo mkutano wa kwanza usifanyike kwenye ukumbi wa hoteli Arusha na posho na chai ya saa nne, tukawaita wazee watatu waje kutuwakilishia watu wao. Ufanyike Samunge, siku ambayo siyo zamu ya maji, na wanaosafiri tuwe sisi.